Hakutoa Ushirikiano

“Kidevu weka hapa. Paji la uso liguse huu mkanda. Tazama kitaa cha kijani, usipepese.”

Nimeyasema maneno hayo kwa miaka 27, ndani ya chumba kimoja ambacho dirisha lake tulilifunika kwa shuka mbili nyeusi zilizoshonwa pamoja. Nilikuwa muuguzi wa macho katika hospitali moja ya kaskazini mwa Tanzania, na kila siku, kliniki ya asubuhi ikiisha, kazi yangu ilikuwa kupiga picha za ndani ya jicho. Nilistaafu mwaka 2017. Hadi leo nikikaa kwenye daladala karibu na mzee aliyeinamisha kichwa, mkono wangu huanza kuinuka wenyewe kumtafuta kidevu, kisha naurudisha mapajani.

Asiyewahi kukalia kile kiti nimweleze. Mezani pana kamera, na mbele ya kamera pana chuma kilichosimama mfano wa fremu ya dirisha dogo. Chini kuna kikombe cha plastiki cha kuegemeza kidevu, juu kuna mkanda wa kuegemeza paji. Mgonjwa ametiwa matone ya kupanua mboni nusu saa kabla, kwa hiyo anaona ukungu na mwanga unamchoma. Anaketi, anaingiza uso kwenye fremu, anatulia. Upande wa pili nimekaa mimi, jicho kwenye kitundu, mkono wa kulia kwenye kifimbo cha kuisogeza kamera mbele na nyuma, kushoto na kulia. Mwanga wa kamera lazima uingie kupitia mboni, upige ukuta wa nyuma wa jicho, urudi kwa mlango uleule. Na mlango wenyewe, hata ukipanuliwa kwa dawa, hauzidi upana wa punje ya njegere. Mgonjwa akisogea milimita mbili tatu, picha inatoka na mwezi mweupe pembeni, au inatoka nyeusi tupu. Ndiyo maana tulihitaji kichwa kilichotulia, na ndiyo maana kile chuma kilikuwapo. Kila akiinuka mtu tulikifuta kwa spiriti, tukamwita mwingine.

Tuliona hivyo ndivyo dunia ilivyoumbwa. Jicho huifuata mashine. Mashine haimfuati mtu.

Ilikuwa masika ya mwaka 2004 alipoletwa bibi mmoja kutoka vijiji vya juu, kule ambako migomba na kahawa huota pamoja. Alikuja na binti yake. Walikuwa wametoka nyumbani alfajiri, wakateremka kwa miguu kwenye matope hadi barabara kubwa, kisha wakapanda magari mawili. Bibi alikuwa na kisukari. Zahanati ilikuwa imemwandikia aje apimwe macho, ingawa mwenyewe alisema haoni tatizo lolote, anachambua mchele bila miwani. Nilimwamkia, “Shikamoo, bibi.” Akaitika marahaba akiwa ametazama sakafu, kwa sababu hakuweza kutazama kwingine. Mgongo wake ulikuwa umepinda kuanzia mabegani. Kuni, mikungu ya ndizi, majani ya ng’ombe: mizigo ya miaka zaidi ya 60 ilikuwa imemwinamisha, na alipoketi uso wake ulielekea magotini.

Nilishusha meza hadi mwisho. Nikaongeza mto kwenye kiti, nikautoa, nikabadilisha kiti. Paji lilifika kwenye mkanda, kidevu hakikufika kwenye kikombe. Kilibaki kimebanana na kifua. Jicho lilikuwa linatazama ubao wa meza. Nikamwomba binti amshike mabega, mimi nikaenda nyuma yake, nikaweka kiganja kimoja chini ya kidevu na kingine kisogoni, nikamwinua. Nilisikia shingo ikigoma mikononi mwangu. Bibi hakupiga kelele. Alisema taratibu, “Mjukuu wangu, unaniumiza.” Nami nikamjibu, “Vumilia kidogo tu, bibi.”

Nje benchi zilikuwa zimejaa. Kamera yetu, iliyoletwa kama msaada na wageni walioipenda hospitali, ilikuwa bado ya filamu. Tulisubiri mkanda wa picha 36 uishe, ndipo tuupeleke studio mjini ukasafishwe, na majibu yarudi baada ya wiki au zaidi. Kila picha ilikuwa na bei. Nilipiga tatu za jicho lake la kulia, moja ya la kushoto, nikajua hata kabla ya kusafishwa kwamba hakuna kitu. Nikachukua faili, nikaandika mistari mitatu ambayo naikumbuka kama jina langu: Picha haikupatikana. Mgonjwa hakutoa ushirikiano. Arudi baada ya miezi 6.

Daktari wetu wa macho alikuwa mmoja, na siku hiyo alikuwa chumba cha upasuaji akitoa mtoto wa jicho. Alikuwa na taa yake ya kuvaa kichwani na lenzi ya mkononi. Angeweza kumlaza bibi kitandani, kwa namna yoyote ambayo mgongo wake ungekubali, na kumtazama ndani ya macho yote mawili kwa dakika tano. Njia ilikuwepo. Mimi niliijua. Lakini nilikuwa nimeshaandika kwamba kosa ni la mgonjwa, na faili likiandikwa hivyo hakuna anayeuliza tena.

Hakurudi baada ya miezi 6. Alirudi mwishoni mwa mwaka 2005, safari hii akiongozwa kwa mkono. Jicho la kulia lilikuwa limejaa damu ndani. La kushoto, retina ilikuwa imevutwa na makovu ikabanduka. Daktari alipofungua faili kutafuta picha ya mwanzo ya kulinganisha, alisoma mistari yangu, akanitazama, hakusema neno. Binti ndiye aliyesema. Alisema mama yake alikataa kurudi mapema kwa sababu aliamini mashine imemkataa.

Wasiojua kisukari kinavyoharibu macho huona ajabu kwamba mtu anaweza kuchambua mchele mwaka huu na kuongozwa kwa mkono mwaka unaofuata. Ugonjwa wenyewe hauumi. Sukari ikikaa juu miaka mingi huchosha mishipa midogo ya damu kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga. Mishipa huanza kuvuja. Mingine huziba, na retina ikikosa damu huotesha mishipa mipya, dhaifu, mahali pasipofaa. Hiyo mipya ndiyo hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, kisha huacha makovu yanayoivuta retina kama uzi unavyokunja kitambaa. Katika hatua za mwanzo leza huweza kuizuia, na siku hizi kuna sindano pia. Ila hatua za mwanzo mgonjwa hazioni. Huonekana kwa mpimaji tu, na mpimaji sharti aone ndani.

Baada ya bibi yule nilianza kuhesabu wengine, na hesabu ilinitisha. Alikuwapo mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye kichwa chake hakikutulia hata sekunde mbili. Alikuwapo mwalimu mstaafu mwenye maradhi ya kutetemeka, aliyeniomba radhi kila picha ilipoharibika. Walikuwapo waliokuja na viti vya magurudumu ambavyo mikono yake iligonga meza kabla uso haujafika, na wajawazito wa miezi minane ambao tumbo lilitangulia. Hao ndio walihitaji picha kuliko vijana wenye shingo laini waliotulia mara moja tukawasifu. Katika mafaili yao wote niliandika neno lilelile.

Nilipostaafu nilipata muda wa kusoma, nikajifunza kitu ambacho chuoni hatukufundishwa. Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa chake cha kutazamia ndani ya jicho mwaka 1851. Kilikuwa kidogo, kinashikwa mkononi, na daktari ndiye aliyekisogeza hadi kwenye jicho la mtu. Miaka 35 baadaye, mwaka 1886, Waingereza wawili, Jackman na Webster, walitoa picha ya kwanza ya retina ya mtu aliye hai. Vifaa vya picha vya wakati ule vilikuwa vizito kupokea mwanga, na iliwabidi waache kamera wazi kwa dakika mbili na nusu. Wangewezaje kumtuliza mtu muda wote huo? Hawakumfunga kwenye mashine. Waliifunga kamera kichwani mwake, kichwa kikisogea na kamera inasogea nacho.

Nilikaa na habari hiyo siku nyingi. Waanzilishi walikuwa wameona kwamba chombo ndicho kinachopaswa kumfuata mtu. Kisha vyombo vikakua, vikawa vizito, vikaketi mezani, na binadamu wakaanza kuitwa waje mezani. Mimi nilizaliwa nikakuta meza, nikadhani ndiyo sheria.

Vyombo vilivyofuata vilikuwa vya ajabu kweli. Mwaka 1991 David Huang, Eric Swanson, James Fujimoto na wenzao, huko Massachusetts, walichapisha katika jarida la Science njia ya kuikata retina kwa mwanga bila kuigusa. Mwanga usioonekana kwa macho hupelekwa ndani ya jicho, hugonga matabaka na kurudi, na mashine hulinganisha mwanga uliorudi na mwanga iliojibakizia, ikajua kila tabaka liko kina gani. Ni kama sauti ya mwangwi inavyomwambia mtu ukuta uko wapi, ila hapa mwangwi ni wa mwanga. Retina nzima ina unene wa karibu robo milimita, na mashine hii huonyesha matabaka yake kama kurasa za kitabu kilichokatwa ubavuni. Tunaiita OCT. Ilianza kuuzwa mwaka 1996. Mimi niliiona kwa mara ya kwanza miaka ya mwisho ya kazi yangu, nilipopelekwa mafunzo ya siku tano. Niliona kwenye kioo uvimbe wa maji katikati ya retina ambao kwa kamera yetu usingeonekana kabisa. Nilisimama pale nikitamani kulia.

Kisha nikatazama upande wa mgonjwa wa mashine ile mpya, ya bei ya nyumba kadhaa za kijijini kwetu. Kikombe cha plastiki chini. Mkanda juu.

Filamu ilikuwa imekuwa kompyuta. Wiki ya kusubiri ilikuwa imekuwa sekunde. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha programu ya akili mnemba inayoitazama picha ya retina na kusema yenyewe, bila daktari, kama kisukari kimefika machoni. Kila kitu kilikuwa kimebadilika isipokuwa pale pa kuegemeza kidevu.

Mwaka 2020 mume wangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Naye ana kisukari. Mwaka 2022 tulimpeleka kwenye hospitali kubwa yenye OCT, na kijana aliyetupokea alikuwa na adabu na subira kuliko nilivyokuwa mimi umri wake. “Baba, kidevu hapa. Tazama kitaa.” Mzee alijaribu. Kichwa kilikuwa kinateleza upande wa kulia polepole, kama mzigo usiofungwa sawasawa, na kila kijana alipokaribia kubonyeza, jicho lilikuwa limeshatoka kwenye mstari. Nikaenda nyuma ya mume wangu nikamshika kichwa. Nilijua pa kushika. Kiganja kimoja chini ya kidevu, kingine kisogoni. Baada ya dakika 20 mashine ilikuwa imetoa picha zenye ukungu ambazo yenyewe ilizikataa, na kijana akanigeukia akasema kwa upole, “Mama, baba hatoi ushirikiano.”

Sikumkasirikia. Nilimwomba tu amwite daktari mwenye taa ya kichwani. Mzee alilazwa, akatazamwa, akaonekana na dalili za mwanzo, akapata leza. Lakini kama kuna maji yaliyovimbisha katikati ya retina yake kwa unene mdogo ambao ni OCT tu inayoweza kuupima, hayo hayakupimwa.

Miezi michache baadaye mpwa wangu, ambaye ni fundi wa vifaa tiba, alinitumia video kwenye simu. Ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Duke, mjini Durham, jimbo la North Carolina. Mtu amesimama wima katikati ya chumba. Hakuna meza, hakuna kiti, hakuna fremu. Mbele yake kuna mkono wa roboti, wa aina inayotumika viwandani lakini mdogo, wenye viungo kama vya mkono wa mtu, na mwisho wa mkono huo wamefunga kichwa cha OCT. Mkono unamkaribia taratibu, unasimama mbali kidogo na uso bila kumgusa. Mtu anapoyumba, mkono unayumba naye. Niliirudia video ile mara nyingi kiasi kwamba mume wangu aliuliza ni msiba wa nani.

Nilimwomba mpwa wangu anieleze yote. Kazi hiyo ilichapishwa Julai 2021 katika jarida la Nature Biomedical Engineering, na miongoni mwa walioifanya ni Mark Draelos, Ryan McNabb, daktari wa macho Anthony Kuo na profesa Joseph Izatt. Walichofanya ni kugawa kazi ya kumfuata mtu katika sehemu mbili tofauti. Kwanza, kamera zilizowekwa pembeni, zenye uwezo wa kupima umbali, zinautafuta uso wa mtu hewani, na roboti inapeleka kichwa cha mashine karibu na jicho. Kisha kamera ndogo zilizomo kwenye kichwa chenyewe zinaitafuta mboni. Roboti ni nzito, haiwezi kufuata kila mtikisiko mdogo. Kwa hiyo ndani yake wameweka kioo chepesi kinachogeuka haraka sana, na hicho ndicho kinachouelekeza mwanga kwenye mboni inapohama. Mwendo mkubwa unachukuliwa na mkono, mwendo mdogo unachukuliwa na kioo. Hakuna muuguzi anayeshika kifimbo. Picha inapatikana kwa muda usiofika dakika moja, na ubora wake unalingana na ule wa mashine za mezani.

Hicho kioo ndicho kilichonigusa kuliko roboti yenyewe. Jicho la mtu aliye hai halitulii kamwe. Hata unapomwambia akodolee kitaa, linatetema na kurukaruka kwa miendo midogo ambayo mwenyewe haihisi, na kichwa chake kinayumba kwa mapigo ya moyo na pumzi. Miaka 27 niliwaamuru watu waache kufanya jambo ambalo mwili haujui kuliacha. Wale wa Durham walikubali kwamba mtu atayumba, wakatengeneza chombo cha kuyumba naye.

Katika chuo hichohicho, Cynthia Toth na wenzake walikuwa wameshapeleka OCT ya kushika mkononi kwa watoto njiti, wakiwa wamelala vitandani mwao. Hakuna anayemwambia mtoto njiti atazame kitaa cha kijani. Nadhani ukishampiga picha mtoto wa aina hiyo, huwezi tena kuamini kwamba mgonjwa ndiye mwenye wajibu wa kutulia.

Nilipowasimulia wenzangu tuliofanya kazi pamoja, mmoja aliniuliza roboti ya nini wakati kuna wiki ambazo hata matone ya kupanua mboni yanakwisha. Ana haki. OCT ya kawaida peke yake huweza kuzidi dola 100,000 za Marekani, kabla hujaiwekea mkono. Na picha si tiba: nyuma ya picha sharti awepo mwenye leza, mwenye sindano, mwenye mikono ya kuirudisha retina iliyobanduka, na hao ni wachache nchini kwetu na wako mijini. Roboti ikipiga picha 1,000 na hakuna wa kumtibu hata mmoja, tumezalisha huzuni tu.

Hata hivyo simkubalii anaposema jambo hili halituhusu. Walioitengeneza waliifikiria kwa ajili ya kliniki zisizo na wataalamu wa macho. Ni wapi duniani kliniki za namna hiyo ni nyingi kuliko huku? Kituo cha afya ambacho hakitapata mpigapicha wa macho kwa miaka 20 ijayo kina haja ya chombo kinachojiendesha kuliko hospitali ya Durham yenye wapigapicha watano. Bei nayo haikuandikwa mbinguni. Mwaka 2019, Duke hukohuko, profesa Adam Wax na kundi lake walionyesha OCT ndogo, nyepesi mara 15 kuliko za sokoni, ambayo baadhi ya sehemu zake zilichapwa kwa mashine ya kuchapa plastiki, na gharama ya vipuri vyake ni kama sehemu moja ya kumi ya bei ya dukani.

Na wazo lenyewe la kumfuata mgonjwa halikutoka nje kuja kwetu. Tangu mwaka 2010 kuna gari linalotoka hospitali ya KCMC, Moshi, na kamera ya retina, likizunguka kliniki za kisukari za mkoa wa Kilimanjaro ili watu wapimwe huko waliko. Nakuru, Kenya, daktari Andrew Bastawrous aliyekuwa akizunguka vituo 100 na shehena ya vifaa vya macho, aliishia kuuliza kama simu ya mkononi inaweza kufanya kazi ya baadhi ya vifaa hivyo, na kutokana na swali hilo ikazaliwa Peek, njia ya kupima macho kwa simu. Gari limefika mlangoni. Simu imefika mkononi. Mkono wa Durham unamalizia ile nusu mita ya mwisho, kutoka kwenye kiti hadi kwenye jicho, na mimi ninajua kwa viganja vyangu kwamba nusu mita hiyo ndiyo iliyomshinda bibi wa mwaka 2004.

Jaribio la Durham lilikuwa la watu waliosimama na kutazama mbele. Mgongo kama wa bibi ni kazi nyingine. Lakini mkono wenye viungo huweza kuinama, na meza haiwezi. Wahandisi wetu wa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wanaounganisha roboti za mashindano, ninawaomba waje wakae nusu siku kwenye chumba chetu cha giza. Waletewe wazee wenye vibiongo, si vijana wa kujitolea wenye shingo zilizonyooka. Waanzie hapo.

Bibi alifariki mwaka 2011. Alikuwa ameishi gizani miaka sita. Nilikwenda kwenye mazishi na binti yake alinipokea vizuri, akanipa chai, akanionyesha wajukuu. Hakulitaja lile faili. Sikupata ujasiri wa kulitaja mimi, ndiyo maana nalitaja hapa.

Wauguzi wenzangu mlioko kazini: lile neno liondoeni kwenye mafaili. Picha isipopatikana, andikeni kwamba mashine haikumfikia mgonjwa, halafu andikeni mstari wa pili unaosema nani atamtazama kwa njia nyingine na siku gani. Na wewe msomaji mwenye mama, baba, bibi au babu mwenye kisukari, mpeleke apimwe ndani ya macho kila mwaka, hata kama anachambua mchele bila miwani. Akishindwa kuegemeza kidevu, usikubali kurudi naye nyumbani. Omba daktari mwenye taa ya kichwani, omba alazwe upande wowote ambao mgongo wake unakubali, na ukae hapo mpaka atazamwe macho yote mawili.